Saiti ya National Hurricane Center iko poa, ila ile koni isikudanganye

Kwa wanaofuatilia vimbunga vya Atlantiki hii saiti ya serikali ya Marekani ndo namba moja kwangu, ni bure, na taarifa mpya inatoka kila baada ya masaa 6, kimbunga kikikaribia pwani na tahadhari ikishatangazwa wanaongeza nyingine kila masaa 3. Hapo sina neno.

Shida ni ile koni, yaani lile umbo linalopanuka kwenye ramani ya njia ya kimbunga. Watu wanaicheki wanaona nyumba yao iko nje ya mstari wake basi wanatulia zao, kumbe inaonyesha tu kitovu kinaweza kupita wapi, na hata hicho kitovu hutoka nje ya koni karibu mara moja kati ya tatu, sasa upepo na mafuriko si ndo usiseme! Alafu hizi kategoria za vimbunga (1 hadi 5) jamani zinapima upepo peke yake. Kimbunga Katrina 2005 kilitua Louisiana kikiwa kategoria 3 tu, na maji yakamaliza watu.

Ukitaka kuamua uhame au ubaki fungua ramani ya maji ya bahari yanayosukumwa na dhoruba, bluu ni zaidi ya futi 1 juu ya ardhi, njano 3, chungwa 6, nyekundu 9. Ukijiona kwenye nyekundu unangoja nini tena? Ramani hii ndo bora kuliko zote, sema wengi wanaishia kwenye koni.

Amri ya kuhama hutaipata hapa, hiyo ni ya viongozi wa eneo lako, so zoni yako ya kuhama uijue mapema. Nyota 4.