Kanzidata tano za risasi Marekani, kila moja na mizani yake

Tarehe 14 Februari 2024, jijini Kansas City, watu zaidi ya 20 walipigwa risasi kwenye sherehe za ubingwa wa futiboli ya Kimarekani. Aliyekufa ni mmoja. Januari 2023, katika mji mdogo wa Enoch, Utah, mwanamume aliwaua watu saba wa familia yake ndani ya nyumba, kisha akajiua. Tarehe 4 Julai 2022, Highland Park karibu na Chicago, mtu alipanda paa akalimiminia risasi gwaride la sikukuu. Wakafa saba, wakajeruhiwa makumi.

Ni tukio lipi hapo la kuitwa shambulio la risasi la halaiki? Kanzidata ya Gun Violence Archive inayahesabu yote matatu. Ile ya The Violence Project inalichukua la Highland Park peke yake, na ya jarida la Mother Jones vilevile. Basi mabishano ya chanzo, kama ni wingi wa bunduki, ugonjwa wa akili, ndoa zilizovunjika au magenge, yataishaje wakati kila mbishi amepimiwa kwenye mizani yake? Hizi hapa kanzidata tano zinazotajwa zaidi. Zote ni za bure. Zinatofautiana kwa kazi zinazofaa.

Gun Violence Archive ndiyo yenye kasi. Ilianzishwa 2013, na kila siku wafanyakazi wake hupitia taarifa za polisi na vyombo vya habari. Kipimo chake ni watu wanne au zaidi waliopigwa risasi, wafe wasife, bila kumhesabu mfyatuaji. Kwa kipimo hicho, kila mwaka kuanzia 2020 hadi 2023 ulivuka matukio 600. Kila tukio lina ukurasa wake: mahali, tarehe, idadi ya waliokufa na waliojeruhiwa, kiungo cha habari ya awali, na alama kama ugomvi wa nyumbani au risasi zilizofyatuliwa kutoka kwenye gari. Kwa maswali ya wapi, lini na wangapi, hakuna inayoifikia. Kwa swali la kwa nini, iache. Alama zake zinategemea polisi walisema nini siku ile, na kesi nyingi hazipati hata mshukiwa. Halafu idadi hubadilika: majeruhi akifariki wiki mbili baadaye, mstari unarekebishwa. Ukinakili jedwali leo, andika tarehe uliyolinakili, la sivyo mwezi ujao utabishana na namba zako mwenyewe.

Anayetaka kujadili chanzo hasa aende The Violence Project, ya watafiti Jillian Peterson na James Densley. Inaanzia 1966, mwaka wa mauaji ya mnara wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin. Masharti yake ni makali: wauawe wanne au zaidi, mahali pa umma, na kisiwe kisa cha ujambazi au magenge. Mpaka 2019 wafyatuaji waliotimiza masharti hayo walikuwa 172 tu, lakini kila mmoja ameandikiwa safu zaidi ya 100: utoto wake, kazi, silaha aliipataje, alimdokezea nani. Humo ndimo zilimotoka namba zinazorudiwa kila mahali. Asilimia 77 walinunua angalau baadhi ya silaha zao kihalali. Waliofyatua kwenye shule za msingi na sekondari, zaidi ya asilimia 80 waliziiba kwa ndugu zao. Karibu nusu walikuwa wamedokeza mpango wao mapema. Bastola zilitumika katika asilimia 77 ya kesi na bunduki za mtindo wa kivita katika asilimia 25, jambo linalowashangaza wanaojua silaha hizi kwa picha za televisheni tu.

Ina mitego miwili. Wa kwanza ni sifuri. Katika safu nyingi za historia ya mtu, 0 maana yake ni kwamba ushahidi haukupatikana. Haimaanishi jambo halikuwepo. Mfyatuaji wa mwaka 1970, ambaye gazeti la mjini kwao lilimwandika aya tatu, atakuwa na sifuri nyingi kuliko wa 2018 aliyeacha kila kitu mtandaoni. Ukichora mstari wa kiwewe cha utotoni kwa miaka, utapanda. Kilichopanda huenda ni wingi wa habari. Wa pili ni mkubwa zaidi: hakuna kundi la kulinganisha. Faili linakuonyesha wangapi walikuwa wamefukuzwa kazi kabla ya kuua. Halikuonyeshi mamilioni waliofukuzwa kazi wakarudi nyumbani kula chakula cha jioni. Kwa hiyo linafaa kujua watu hawa walipitia nini, na halitoshi kusema jambo fulani ndilo linalozalisha wafyatuaji. Na kwenye kesi 172, tukio moja kama la Las Vegas la 2017, lenye vifo 60, linaweza kuupindua wastani wote wa vifo. Tumia namba ya katikati (median), ile inayokaa katikati ukizipanga zote kwa ukubwa.

Mother Jones ni ndogo na inasomeka haraka, kuanzia 1982. Jihadhari na 2013: kabla ya hapo kipimo kilikuwa vifo vinne, baadaye kikashushwa hadi vitatu kufuata sheria ya shirikisho. Chuja vifo vinne na zaidi kwa miaka yote kabla ya kuchora chochote.

Ripoti za FBI, shirika la upelelezi la serikali ya Marekani, zinahesabu kitu kingine kabisa: mtu anayeendelea kuua au kujaribu kuua mahali penye watu, hata asipompata yeyote. Mwaka 2021 yalikuwa matukio 61, na 2022 yalikuwa 50. Zinawafaa wapangaji wa usalama wa majengo. Kuzitumia kama hesabu ya mauaji ya halaiki ni kosa, na FBI wenyewe wanalisema ndani ya ripoti.

Kosa tunalokutana nalo zaidi ni mtu kuchota idadi kwenye ndoo moja na sababu kwenye ndoo nyingine: "mashambulizi 600 kwa mwaka" ya Gun Violence Archive, kisha wasifu wa kijana mpweke wa The Violence Project. Mengi ya yale 600 ni magomvi ya mitaani, ya baa na ya sherehe, ambayo The Violence Project iliyatupa tangu mlangoni.

Ya tano ni CDC WONDER, ya shirika la serikali ya Marekani la kudhibiti magonjwa, inayotokana na vyeti vya vifo. Fungua sehemu ya chanzo cha msingi cha kifo, kubali masharti, panga matokeo kwa mwaka na kwa kusudi la jeraha, kisha kwenye chanzo cha kifo chagua majeraha na uweke silaha ya moto. Ukipenda namba za ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa na vyanzo vya vifo, kujiua ni X72 hadi X74, kuuawa X93 hadi X95, ajali W32 hadi W34. Kwa 2021 utapata vifo 48,830, na 26,328 kati ya hivyo ni vya kujiua. Zaidi ya nusu! Humo mauaji ya halaiki hayana safu yake, na hata yangekuwa nayo yasingeonekana sana. Ukishuka hadi ngazi ya kaunti, idadi iliyo chini ya 10 hufichwa kulinda faragha, na kiwango kinachotokana na vifo visivyofika 20 hupewa alama ya kutoaminika. Usijaze sifuri kwenye visanduku hivyo. Unganisha miaka mitano au kaunti jirani mpaka namba itokee.