EnMAP kwa kupima malisho: kiangazi inafaa, masika usihangaike nayo

EnMAP, setilaiti ya Ujerumani iliyorushwa tarehe 1 Aprili 2022, hupiga picha za haipaspektra: mwanga umegawanywa katika bendi (vipande vyembamba vya mawimbi) zaidi ya 200 kuanzia nanomita 420 hadi 2450, wakati Sentinel-2, setilaiti ya Ulaya, ina 13 tu. Data ni bure. Unajisajili, unatafuta eneo lako kwenye maktaba yao ya picha, unapakua.

Ukitaka tu kujua nyasi zimechipua wapi Kajiado au Simanjiro baada ya mvua, achana nayo. Sentinel-2 hupita kila baada ya siku 5 na pikseli yake ni mita 10. Pikseli ya EnMAP ni mita 30, picha ina upana wa kilomita 30, na setilaiti hurudi juu ya eneo lilelile kila siku 27. Ikiinamishwa pembeni inaweza kurudi ndani ya siku 4, ila hapo lazima picha iombwe mapema. Siku hiyo kukiwa na wingu, basi tena.

Kiangazi ndipo inapolipa. NDVI, kipimo cha kawaida cha ukijani wa mimea, huziona nyasi kavu zilizosimama na udongo mtupu karibu sawa, ilhali kwa mfugaji moja ni chakula na nyingine ni njaa. Selulosi, nyuzi za mmea zinazobaki nyasi zikikauka, hunyonya mwanga karibu na nanomita 2100, na hapo mwanga unaorudi hushuka kama bonde. Chukua wastani wa bendi za 2030 na 2210, toa thamani ya 2100: nyasi kavu hutoa namba chanya, udongo kwa kawaida hasi au karibu na sifuri. Usianzie 2000 kamili, kwa sababu kaboni dioksidi ya angani huvuruga hapo. Bendi ya Sentinel-2 ya eneo hilo ina upana wa nanomita 180 hivi, kwa hiyo haiwezi kulitenga bonde hilo la selulosi. Epuka picha za siku chache baada ya mvua. Nyasi zikilowa, bonde hufifia.

Pakua kiwango cha L2A (picha zilizosahihishwa athari za hewa), ufungue kwa EnMAP-Box, programu-jalizi ndani ya QGIS, programu ya ramani. Gawanya thamani kwa 10,000 upate uakisi wa mwanga. Ondoa bendi za karibu na 1400 na 1900, ambako mvuke wa maji hubakiza kelele tupu. Ukiziacha, modeli yoyote utakayoijenga kukadiria malisho kutoka kwenye bendi itajifunza kelele hizo.

Protini ni kazi nyingine kabisa, na hapa wengi hujidanganya. Ili kuifundisha modeli unahitaji viwanja vya mita 90 kwa 90 vyenye nyasi za aina moja, ili pikseli ikisogea kidogo isitoke nje. Kata nyasi kwenye fremu kadhaa za nusu mita kila kiwanja, kausha kwa nyuzi joto 65 za Selsiasi hadi uzito usibadilike, pima nitrojeni, zidisha kwa 6.25 upate protini. Majani mabichi yana maji yanayofunika alama za protini za nanomita 2060 na 2180, hivyo modeli ya masika kwa kweli husoma klorofili, yaani ukijani wa majani. Ukiipeleka kiangazi inaanguka. Penye migunga mingi ni vibaya zaidi, maana miti huchanganyika na nyasi ndani ya pikseli moja, na mingine huchipua hata kabla ya mvua.

Siku ambazo EnMAP haina picha unaweza kuziziba kwa PRISMA, setilaiti ya Italia, iliyorushwa 2019, yenye pikseli na upana uleule. Tatizo lake ni mahali: picha inaweza kuwa imehama zaidi ya mita 100. Ilinganishe kwanza na Sentinel-2, uisogeze, ndipo usome thamani za viwanja vyako.