TAHADHARI: Jamaa anayeuza vitanda vya kufumia Mwanza, msimtumie hela

Jamani mnaotaka kuanza kufuma vitambaa kwa mkono, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wajasiriamali hapa Mwanza, anauza vitanda vya kufumia, yaani zile fremu za mbao za kufumia kitambaa, vile vidogo vya mezani, laki mbili na themanini, na anasema unapata na mafunzo ya siku tatu bure. Msimtumie hata mia.

Sisi tuko watatu, kikoba kimoja hapa Buzuruga. Tulituma nusu kwanza, jina lililotokea kwenye simu sio lake, akasema la shemeji yake, nikabonyeza namba ya siri hivyohivyo. Vitanda vikaja vimepigwa vanishi vinang'aa, tukageuzageuza tukaona viko poa tukamalizia hela yote. Sasa kitanda kikiwa kitupu huwezi kujua kitu, tulipofunga mtande (zile nyuzi za urefu) na kuuvuta ukaze ndo tukaona, mbao mbichi, fremu imejipinda, nyuzi za kushoto zimekaza za kulia zinaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, hapo hata upitishe mshindio (ule uzi wa kukatiza) kwa ustadi gani kitambaa kinaenda upande. Kile kitana cha kushindilia nacho ni spoku za baiskeli, mwanya huku mkubwa huku mdogo, zina kutu na zinakata uzi. Mafunzo? "Nipo Sengerema mama, kesho navuka", kila siku kesho, mpaka simu ikawa haipatikani.

Kinachoniuma zaidi ni mwenzetu mmoja ndo kwanza anajifunza, wiki mbili anafumua anaanza upya, akaamini yeye hana mkono wa kufuma, alitaka kuacha kabisa, kumbe kitanda ndo kibovu!

Ukienda kununua kwa yeyote yule beba uzi wa pamba, mwambie afunge mtande mbele yako hata nyuzi ishirini, akaze, mtande ukae hivyo mpaka kesho yake uone kama nyuzi bado zimekaza sawa pande zote. Beba na futi, pima fremu kona kwa kona, vile vipimo viwili vya kukatiza visipolingana hicho kitanda kimekaa mshazari, achana nacho. Na kama unajifunza tu, fremu ya mbao nne kavu na misumari inatosha kabisa kuanzia, fundi seremala wa mtaani kwako anakupigia.

Tumeshafungua RB polisi na meseji zake tumezituma 15040, ile namba ya kuripoti meseji za matapeli. Kama na wewe kakuuzia, tunza ile meseji ya muamala uniibukie inbox, tunataka twende kituoni wote pamoja.