Kliniki ya matiti na ngozi Mbeya mjini: kwenye titi wako makini, kwenye ngozi bado

Kwa matiti, kliniki hii ya binafsi inastahili sifa. Nesi hakimbilii kushika. Anaanza kutazama: mama amekaa, mikono kiunoni, kisha inainuliwa, maana ngozi inayobonyea au chuchu inayovutwa ndani hujitokeza hapo. Mama akilala, nesi anapapasa kwa sehemu laini za vidole vitatu vya kati, si ncha, kwa viduara vidogo, akikandamiza mara tatu kila mahali: juu juu, wastani, kisha hadi karibu na mbavu. Anapanda na kushuka kama anayefuata matuta ya viazi, toka mtulinga hadi chini ya titi, halafu kwapa. Anayepata hedhi aende siku ya 7 hadi ya 10 tangu damu ianze. Kabla ya hapo titi limejaa na mabonge ya kawaida yanatisha bure.

Wasichana wanaanzia ultrasaundi, sawa kabisa. Titi la kijana limeshikamana, na kwenye mamografia, yaani eksirei ya titi, tishu yake ni nyeupe, uvimbe nao mweupe.

Wakikata kinyama cha kupimwa, angalia kinaingia haraka kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi, ya asilimia 10, yenye ujazo mara kumi ya kinyama chenyewe. Kikisafirishwa kwenye maji ya chumvi kinaoza, na maabara haina la kusoma.

Wenye ualbino wanakaguliwa vizuri: masikio, midomo, kisogo, migongo ya mikono. Kidonda cha zaidi ya wiki nne kinachukuliwa kipimo. Baridi ya huku isimdanganye mtu. Kila mita 1,000 za mwinuko mionzi ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10.

Sisi weusi ndio tunaopunjwa. Daktari anatazama uso, mikono na mgongo, basi; soksi zinabaki mguuni, na lensi yenye taa inayokuza mara 10 imelala mezani. Melanoma yetu, saratani ya seli za rangi ya ngozi, hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha! Mstari mweusi kwenye kucha usisingiziwe jembe: damu iliyovia husogea mbele kadiri kucha inavyoota, melanoma haisogei, hupanuka, na rangi yake humwagikia kwenye ngozi ya pembeni. Ukienda, ondoa rangi ya kucha nyumbani, vua viatu mwenyewe, na omba lensi ipite katikati ya vidole pia.