Picha za Zamani na Ofa za Msosi Dodoma: Ipi Uagize, Ipi Uipite

Mmekubaliana nyumbani kwamba leo ni picha za zamani, zile za enzi za deki na kanda, steringi anamiminiwa risasi na hafi. Kinachobaki ni kugombania msosi. Kuanzia Area D mpaka Kisasa mabango ya ofa hayaishi, na nyingi zinaletwa hadi getini kwa bodaboda. Mimi nazipanga kwa kuangalia pesa, namna chakula kinavyovumilia safari, na urefu wa picha yenyewe. Hilo la mwisho wengi hawaliwazi kabisa, wakati ndilo linaloamua kama utakula kitu cha moto au utatafuna mpira.

Namba moja naipa mishkaki na ndizi za kuchoma. Haina ofa, na ndiyo sababu naipenda: unalipa kwa mshikaki, unahesabu mwenyewe, hakuna nyota ndogo ya masharti chini ya bango. Unakula kwa mkono mmoja macho yakiwa kwenye runinga, na ikipoa unairudisha jikoni dakika mbili inaamka. Kwa picha ndefu hakuna mshindani. Sholay ya mwaka 1975 inavuka saa tatu, na Titanic ya 1997 inafika saa tatu na robo hivi. Nunua ya awamu mbili. Ila usikubali ile iliyochomwa tangu jioni ikasogezwa pembeni mwa jiko. Utaiona: ncha nyeusi, katikati imesinyaa, haitoi mafuta. Chagua mbichi, simama hapo hapo ichomwe. Na kama ni Jumamosi na una usafiri, Mnada wa Msalato una mbuzi wa kuchoma ambaye mabango ya mjini hayamfikii. Uliza mapema kama kilo inapimwa ikiwa mbichi au ikishaiva, maana nyama ikikaa motoni inapungua, na hapo ndipo ugomvi wa mizani unapoanzia.

Namba mbili, chipsi mayai. Bei yake karibu kila mfuko unaiweza, lakini uhai wake ni mfupi. Shida ni mvuke. Chipsi zikifungiwa za moto kwenye kontena, mvuke unageuka maji chini ya kifuniko, na ukifika Nkuhungu umebeba uji wa viazi. Mwambie kaka wa chipsi mambo matatu: akaange upya asichote za kwenye kabati la kioo, aache kifuniko wazi kidogo, na kachumbari aifunge peke yake. Tomato nayo usimwachie aimwage juu, utaiweka mwenyewe nyumbani. Picha ya kuendana nayo ni fupi, kama Commando ya 1985, saa moja na nusu tu. Schwarzenegger akianza kubeba silaha ufukweni, sahani iwe imeshakuwa tupu.

Namba tatu ni ofa za kuku, zile za nusu kuku, chipsi na soda. Hapa kalamu itumike. Tuseme ofa ni 15,000, na kwenye menyu ileile nusu kuku ni 9,000, chipsi 3,000, soda 1,000. Jumla ni 13,000. Umelipa zaidi kwa sababu ya picha nzuri ya bango! Ofa za namna hiyo zipo, na zinanunuliwa kila wikiendi. Uliza pia kama boda imo ndani ya bei. Soda ikiwa ya chupa ya kioo, chupa lazima irudi, kwa hiyo sema mapema unataka ya plastiki. Kuku mwenyewe achomwe badala ya kukaangwa, maana wa kukaanga akipoa ngozi inalegea. Wa kienyeji ni mtamu, sikatai, ila anataka meno na muda; ukiwa naye hutasikia maneno ya muvi.

Baga naiweka ya nne, na ningeishusha zaidi kama si picha moja. Kwenye Coming to America ya 1988, Eddie Murphy ni mwana wa mfalme wa Zamunda anayeenda Queens, New York, kutafuta mke, akaishia kupiga deki kwenye mgahawa wa baga uitwao McDowell's. Mwenye mgahawa anajitetea kwamba hajamwiga McDonald's: mikate yake haina ufuta. Ukiangalia hiyo bila baga mkononi, unajitesa. Siku nyingine zote, mkate unalowana njiani na bei yake unapata mishkaki ya watu wawili.

Pizza ya nunua moja upate ya pili iko mwisho. Ya pili ni bure kweli, lakini muulize mwenzio lini mara ya mwisho mlimaliza mbili. Chizi ikipoa inakaza, na asubuhi inabaki kumsubiri mtoto asiyeitaka. Ina maana mkiwa sita na zaidi tu.

Nje ya orodha kuna bisi. Mahindi ya bisi kutoka soko la Majengo, mafuta kidogo, sufuria yenye kifuniko kizito, chumvi. Ongeza karanga, na msimu ukiwa umefika, zabibu za hapa hapa. Zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na wakati wa mavuno bei yake barabarani inaicheka ofa yoyote niliyoitaja.

Muda wa kuagiza nao uangalie. Ijumaa na Jumamosi usiku foleni ni ndefu, na Bunge la bajeti likianza Aprili mji unajaa wageni wenye njaa mpaka mwisho wa Juni. Piga simu saa kumi na mbili na nusu jioni, kabla foleni haijawa ndefu, na mwambie dereva wa boda alama ya nyumba inayoonekana gizani.