Kwa Msabato, chini ya Bugando: Jumamosi hawauzi, ila utakula

Ukiwa na mgonjwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, lazima siku moja utakihitaji hiki kibanda, kwa hiyo naanza na ya tumbo. Bango hakina. Ukiteremka kilima kutoka hospitali ulizia "kwa Msabato", bodaboda yeyote atakuonyesha. Ni mabenchi ya mbao, meza zenye nailoni ya maua, na ndoo ya koki mlangoni ya kunawia.

Sato wa kukaanga na ugali ni 8,000. Anaingia kwenye mafuta ukiwa umeshakaa, siyo yule wa asubuhi anayepashwapashwa. Ugali maharage 2,500. Dagaa wao wamechambuliwa vichwa na hawana mchanga, na anayewajua dagaa anajua hiyo ni kazi ya mtu kukaa chini nusu siku. Mchicha ndio sikuupenda, wanaupika mpaka unalegea. Huduma nayo ni ya polepole, ukiwa na haraka ya muda wa kuona wagonjwa agiza maharage, achana na samaki.

Chai ya majani na kahawa hawauzi. Wana kinywaji cha soya wanachokiita kahawa, kinachofanana na kahawa kama mimi ninavyofanana na askofu. Kitimoto usithubutu kuulizia, na kambare pia hapikwi kwa sababu hana magamba, Walawi 11. Niliona mteja amekuja na kambare wake mwenyewe kwenye mfuko, anaomba akaangiwe kwa kulipia. Akaelekezwa jiko la jirani, kwa adabu kabisa, na hela yake akarudi nayo.

Ukutani wamebandika Kutoka 20:8, ikumbuke siku ya Sabato. Hawatanii. Ijumaa ni siku ya maandalio: kuanzia saa tisa alasiri wanapunguza kuuza, wanapika vyungu vikubwa, wanafagia, na jua likikaribia kuzama, kwenye saa moja kasoro hivi, droo ya hela inafungwa. Haifunguliwi mpaka Jumamosi jua lizame tena.

Sasa Jumamosi yenyewe. Mama mkwe alikuwa amelazwa, mimi nimetoka sokoni Mlango Mmoja bila kula, nikakuta mlango umerudishiwa nusu. Mama mwenye mgahawa alikuwa ndani, kavaa gauni la kanisani, kaninginiza kitambaa begani.

"Dada, leo hatuuzi," akasema. "Una mgonjwa huko juu?"

Nikamwambia ninaye. Akavuta hotipoti, akanipakulia wali na maharage yaliyopikwa jana yake, akajaza na kontena la kumpelekea mgonjwa. Nikatoa simu nimrushie. Akanisukumia mkono kabisa: "Ukinilipa leo utakuwa umenifungulisha duka."

Ndani tulikuwa wengi, watu wa Geita, wa Simiyu, wa Kagera, maana Bugando inapokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa nzima na wengi wao hawana ndugu mjini. Wote tunakula, hakuna anayelipa. Hakuna aliyeulizwa dhehebu. Mimi ni Mkatoliki, tena katibu wa jumuiya, daftari la michango liko kwangu, kwa hiyo mambo ya nani kalipa na nani hajalipa nayaangalia kwa jicho la kazi.

Kilichonifanya niandike haya ni uji. Kijana mmoja alikuwa na baba yake anayelishwa kwa mpira, anahitaji uji mwepesi, wa moto, uliochujwa, na uji wa Ijumaa ulikuwa umeshachacha. Yule mama hakuuliza mtu. Akawasha jiko la mkaa, Sabato mchana kweupe. Wakati anakoroga akapita mzee wa kanisa lake, suti, Biblia na kitabu cha lesoni ya Sabato kwapani.

"Mama, na moto huo?"

"Mzee, ng'ombe ametumbukia."

Hapo ni Luka 14:5, Yesu akiwauliza Mafarisayo nani kati yao ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya Sabato hatamtoa. Mzee akasema wataongea, akaenda zake. Waliongea kweli, yule mama aliitwa na wazee wa kanisa. Baadaye nilimuuliza ikawaje, akanijibu kwamba Jumamosi iliyofuata yule baba bado alikuwa anahitaji uji.

Mtu asinielewe kwamba mama huyu ni mlegevu. Kwa kambare hakulegea, kwa droo hakulegea. Amri ikimgharimu yeye anaishika mpaka senti ya mwisho. Ikianza kumgharimu mgonjwa wa mtu, anawasha jiko. Kwetu mara nyingi tunafanya kinyume. Nimekaa vikao vya jumuiya ambapo marehemu anakaribia kukosa misa ya mazishi kwa sababu kadi yake ya zaka ina mapengo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1184, inataja wanaoweza kunyimwa mazishi: waasi wa imani wanaojulikana, wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangekuwa kashfa kwa waumini, na watu wa aina hiyo, na hata hao ni kama hawakuonyesha dalili yoyote ya toba. Mwenye deni la mchango hayumo.

Narudi kwenye mgahawa. Ijumaa wahi kabla ya saa tisa. Jumamosi nenda na kontena lako, zao zinaisha, na kama una mgonjwa wa kulishwa kwa mpira sema mapema. Ukitaka kuchangia, wapelekee mkaa au mchele Jumapili, wanapokea. Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya mchicha.