Kinga ya Maji kwa Intaki ya Hewa Baridi: Ipi Ununue Kwanza

Ukifunga intaki ya hewa baridi, yaani bomba na filta vya kununua vinavyochukua nafasi ya boksi la kiwandani la filta ya hewa, umehamisha mahali injini inapopumulia. Boksi la kiwandani kwa kawaida huvuta hewa kutoka juu, karibu na taa au juu ya radieta. Intaki nyingi za kununua huteremsha bomba refu hadi nyuma ya bampa au ndani ya madigadi, na filta inabaki wazi karibu kabisa na pale tairi linaporusha maji. Hewa ya huko chini ni baridi kweli, na ndiyo uliyoilipia. Ila barabara ikifurika, filta hiyo huguswa na maji wakati boksi la zamani lingekuwa bado kavu.

Hesabu yake si ngumu. Chukua injini ya petroli ya lita 2 yenye silinda 4: kila silinda ni mililita 500. Uwiano wa mgandamizo ukiwa 10 kwa 1, yaani hewa inabanwa hadi sehemu moja ya kumi, pistoni ikifika juu kabisa inabakiza nafasi ya mililita 55 hivi. Maji hayagandamiziki kama hewa. Vijiko vinne vya mezani vikiingia kwenye silinda moja, nafasi imejaa na kupita, na pistoni inayopanda kwa kasi haina pa kwenda. Konrodi, chuma kinachounganisha pistoni na kranki, inapinda, au inakatika na kutoboa bloku. Dizeli ya ukubwa huohuo yenye uwiano wa 18 kwa 1 hubakiza kama mililita 29, yaani vijiko viwili, kwa hiyo mwenye dizeli awe mwangalifu mara mbili.

Hata hivyo, si kila tone ni hatari. Unyevu wa mvua na matone machache yanayopita kwenye filta hugeuka mvuke ndani ya joto la injini na kutoka kwenye ekzosi. Linaloua injini ni filta kuzama, maana injini inayovuta ni pampu, na filta iliyo ndani ya maji huvuta maji, iwe imefunikwa kwa kitambaa cha aina gani. Kwa hiyo kuna shida mbili tofauti, kurushiwa maji na kuzama, na dawa zake si moja. Matangazo mengi huuza dawa ya shida ya kwanza kwa maneno ya shida ya pili. Orodha hii nimeipanga kwa kuangalia kwanza urefu wa filta kutoka ardhini, kisha ndipo kitambaa.

Kabla ya kununua chochote, chukua futi ya fundi upime kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya filta, gari likiwa na abiria na mizigo ya siku zote. Kipimo hicho si kina unachoweza kupita. Gari likiingia kwenye maji husukuma wimbi mbele ya bampa, na gari linalokuja upande wa pili huongeza la kwake. Mimi hukigawa kipimo kwa mbili: filta ikiwa sentimita 30 kutoka chini, sentimita 15 za maji ndio mwisho.

1. Bomba fupi, filta ipande ndani ya boneti

Hii ndiyo naiweka ya kwanza, tena bila kusita. Intaki nyingi huja na bomba la vipande viwili vilivyounganishwa kwa mpira wa silikoni na klempu. Ukitoa kipande cha chini, filta inafungwa moja kwa moja kwenye kipande cha juu na kukaa ndani ya boneti, juu zaidi kuliko mwanzo. Kwa kit za namna hiyo unaweza usinunue kitu zaidi ya klempu mpya. Kama bomba lako ni kipande kimoja, tafuta intaki fupi iliyotengenezwa kwa injini yako hasa, wala usimpe fundi msumeno akate kwa kukisia.

Sababu ya kukataa kukisia ni sensa ya kupima hewa. Sensa hiyo husoma hewa kwa kutegemea kipenyo cha bomba pale ilipofungwa na jinsi hewa inavyopita kwa utulivu mbele yake. Badilisha kipenyo, au weka filta karibu nayo kupita kiasi, na kompyuta itapima petroli kwa hesabu isiyo sahihi. Taa ya injini ikiwaka baada ya kufupisha bomba, anzia hapo.

Utapoteza kitu, na ni vizuri ukijue. Hewa ya ndani ya boneti ni ya moto, na kwa kila nyuzi 3 za joto zinazoongezeka, uzito wa hewa hupungua kwa takriban asilimia 1. Kwenye foleni utaihisi tofauti. Gari likishika mwendo, hewa ya nje huingia na tofauti hupungua. Ukiweza, nunua bomba fupi lenye boksi la kuzuia joto, na liwe lililofungwa juu na chini, maana kipande cha bati kilichosimama upande mmoja hakizuii joto wala maji yanayopanda kutoka chini. Boksi liwe na tundu dogo sakafuni la kutolea maji. Tundu hilo linakaa upande wa nje ya filta tu. Kuna watu hutoboa bomba lenyewe pale linapopinda chini ili “maji yatoke”. Hapo wamefungua njia ya vumbi na maji kuingia kwenye injini bila kuchujwa.

Na kama boksi la kiwandani bado unalo, kulirudisha kwa msimu mzima wa mvua ni chaguo la heshima kabisa. Ni kazi ya spana chache na halina gharama.

2. Kava ya ndani ya madigadi

Inasahaulika kuliko zote, na mara nyingi ndiyo iliyosababisha shida. Ili bomba refu lipite, fundi huivunja au kuikata ile plastiki nyeusi inayotenganisha tairi na sehemu ya ndani ya madigadi, kisha anaiacha ikining’inia au anaitupa. Piga magoti kando ya tairi la mbele, geuza usukani hadi mwisho, umulike ndani kwa tochi ya simu. Ukiiona filta, basi na tairi linaiona, na kila dimbwi linapigwa moja kwa moja juu yake.

Nunua kava kamili ya gari lako pamoja na vibanio vyake vyote vya plastiki. Vibanio vikipungua, upepo huikunja ikagusa tairi. Ikilazimu kuikata ipishe bomba, kata kidogo na uzibe ukingo kwa mpira. Angalia pia kava ya chini ya injini. Kwa mtu anayeendesha kwenye lami na madimbwi ya kawaida tu, kinga hii peke yake inamaliza sehemu kubwa ya tatizo, na kwa mtu huyo ningeipandisha namba moja.

3. Soksi ya filta

Ni kitambaa cha poliesta kinachokataa maji, kinachovalishwa juu ya filta. K&N huiuza kwa jina la Drycharger, Injen wana Hydro-Shield, na Outerwears wamejijengea jina kwa bidhaa za aina hii. Inazuia maji yanayorushwa na tairi, inazuia tope, na inafanya filta ikae muda mrefu kabla ya kuoshwa. Haizuii kuzama. Muuzaji akikuambia unaweza kupita mtoni kwa sababu ya soksi, ondoka dukani.

Usinunue kwa kuangalia picha. Filta ya koni ina vipimo vitatu: kipenyo cha chini, kipenyo cha juu na urefu, na vyote vitatu lazima vikubaliane na soksi. Ikipwaya, inanyonywa na kushikamana na mikunjo ya filta na kuziba hewa. Ikibana mno, inaacha ukingo wa chini wazi.

Kujua kama bado inafanya kazi, ivue, inyooshe kwenye kiganja, umwagie kijiko cha maji. Maji yanatakiwa kujikusanya kuwa matone ya mviringo na kuteleza yakaanguka. Yakitandaa na kuacha doa jeusi la unyevu, kitambaa kimechoka au kimejaa mafuta na vumbi. Ioshe kwa maji na sabuni laini, ianike kivulini, ujaribu tena. Ikishindwa, nunua nyingine. Usiipulize kwa kompresa, maana upepo mkali huharibu ufumaji.

Filta ya pamba yenye mafuta huvumilia unyevu kiasi, lakini ukizidisha mafuta yanahamia kwenye sensa ya hewa. Filta ya karatasi usiiweke wazi nyuma ya bampa. Ikilowa hulegea na kujikunja.

4. Valvu ya kupitisha hewa

AEM ndio wanaojulikana zaidi kwa kifaa hiki. Hufungwa katikati ya bomba, juu ya filta. Filta ikizama, nguvu ya kuvuta ndani ya bomba hupanda, valvu inafunguka na injini inavuta hewa kutoka hapo badala ya kunyonya maji. Wazo ni zuri, na kwa aliyeng’ang’ania bomba refu linaweza kuokoa injini. Nimeiweka ya nne kwa sababu ya masharti yake. Lazima ukate bomba, na kipenyo kilingane kabisa. Lazima valvu yenyewe ibaki juu ya maji, jambo ambalo kwenye gari lililoshushwa halipatikani. Na watengenezaji wenyewe wanakataza kuifunga kwenye injini za tabo au supachaja. Mwenye tabo aruke hapa.

5. Snokeli

Ni bomba linalopandisha mdomo wa kuvutia hewa hadi juu, nje ya boneti. Ni ya gari la juu linalovuka mito, si ya gari dogo la saluni. Thamani yake yote iko kwenye kuziba: filta ya wazi ndani ya boneti iliyoelekezewa bomba la snokeli ni pambo tu. Baada ya kufunga, injini ikiwa inaunguruma taratibu, ziba kichwa cha juu kwa kiganja au mfuko mzito. Injini inatakiwa kuzimika. Ikiendelea, kuna mahali inavuta hewa, na maji yatapita hapohapo. Anza kukagua mpira wa kutolea maji chini ya boksi. Kumbuka pia kwamba difu na giaboksi zina vipumulio vyake vya kuinuliwa.

Kina cha maji kina mpaka wake hata kwa gari la kazi. Ford Ranger imepewa na kiwanda milimita 800. Maji yanayokwenda ni hesabu nyingine kabisa: Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani huonya kwamba sentimita 30 za maji ya kasi zinaweza kuchukua magari mengi madogo, na sentimita 60 hubeba hata magari makubwa. Hakuna kifaa kwenye orodha hii kinachosaidia gari linaloelea.

Mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa rababendi usiiguse. Inavutwa kwenye filta, inaziba hewa, na vipande vyake vinaweza kusogea kule usikotaka.

Na injini ikizima ndani ya maji, usipige stata hata mara moja. Vuta gari hadi pakavu, fungua filta uone kama imelowa hadi ndani, toa plagi, au hita na nozeli kama ni dizeli, kisha zungusha kranki kwa spana taratibu hadi maji yatoke. Angalia kijiti cha oili. Ikiwa na rangi ya maziwa, ibadilishe pamoja na filta yake kabla ya kuwasha injini.